Kaye ya Madamu: kisa cha deni la shule mjini Goma

Siku tuliyomzika Madamu hakuna aliyegombana na mwenzake. Ugomvi ulianza wiki iliyofuata, michango ilipozidi gharama za kilio na watu wakaanza kuulizana iliyobaki ifanye kazi gani.

Madamu alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa zaidi ya miaka thelathini katika shule moja ya msingi ya parokia, si mbali na mtaa wa Birere. Jina lake siliandiki, wala la shule. Familia imeomba hivyo, na wa Goma wanaohusika watamjua tu. Kwetu kila mwalimu wa kike wa shule ya msingi ni Madamu, lakini ukitaja "Madamu" pale kartie, yaani mtaani, bila kuongeza neno, hata mtoto aliyezaliwa juzi anajua unamsema nani. Waliopita mikononi mwake wametawanyika: wabadilisha pesa wa Birere, wauguzi, mafundi mbao, vijana wa pikipiki, padri mmoja, na wengine walioishia Kampala, Nairobi, Ubelgiji na Kanada. Alifariki mwaka 2025, miezi michache baada ya waasi wa M23 kuuchukua mji, wakati benki zimefunga milango. Michango ya walio mbali ilipita kwenye simu, mingine ikavushwa mkononi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na kila aliyeleta alitaka kuona jina lake likiandikwa.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Nilikaa katika vikao vyote nikiwa karani, kazi inayomlazimu mtu kunyamaza na kusikiliza. Walio ng'ambo walitaka sanamu mbele ya shule. Familia ilitaka kaburi la saruji na kumaliza madeni aliyoyaacha. Akina mama wa soko walitaka darasa la Jumamosi lisife. Kila upande ulikuwa na haki yake, lakini naona wote tulikuwa tumeruka jambo moja. Tulikuwa tunamzungumzia Madamu kama mtu aliyetoa sadaka maisha yake yote. Hakutoa sadaka. Alikopesha, na alikuwa anaandika katika kaye, yaani daftari lake.

Pesa ya mwalimu ilikotoka

Kwa msomaji ambaye hakusoma shule Kongo, hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Shule nyingi za msingi kwetu ni za makanisa, lakini walimu wake ni wa Serikali. Mobutu alizitaifisha shule mwaka 1974, akaona mzigo ni mzito, na mwaka 1977 akasaini mkataba wa kuwarudishia makanisa usimamizi. Kanisa linaongoza, Serikali inalipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ile sehemu ya pili ya mkataba ilikufa. Mshahara ukawa hautoshi hata wiki moja, walimu wakagoma, shule zikafungwa, na wazazi walioogopa watoto kupoteza mwaka wakakubali kuwaongezea walimu kitu kidogo. Kitu hicho ndicho primu. Ilianza kama msaada wa kupitisha siku mbaya, ikakaa karibu miaka thelathini.

Primu ilikuja na adabu yake. Asubuhi, baada ya bendera, direkta, yaani mwalimu mkuu, alisoma majina ya wasiolipa, na waliosomwa walirudi nyumbani mpaka mzazi apate. Nani wa Goma hajawahi kupishana, saa tatu asubuhi, na kundi la watoto wa shati jeupe na nguo ya bluu wakishuka barabarani na mikoba yao? Wadogo wanarukaruka, kwao ni likizo. Wa darasa la tano na la sita ndio hawakuangalii usoni.

Na pesa yenyewe haikubaki yote shuleni. Sehemu ilipanda kwenye ofisi za juu, iliyobaki walimu wakagawana. Kati ya 1998 na 2003, Goma ilipokuwa makao makuu ya waasi wa RCD, mshahara wa Kinshasa haukuvuka mstari wa vita, kwa hiyo primu haikuwa tena nyongeza ya kitu chochote. Ndiyo iliyokuwa sufuria ya mwalimu. Mtoto mmoja asiyelipa ni upungufu kwenye sahani ya mwalimu wa darasa lake, na hapo utaelewa kwa nini walimu wengi, watu wazuri kabisa, hawakumtetea mtoto aliyesomwa kwenye orodha.

Safu tano

Kaye yenyewe nimeishika. Ni kubwa, ya jalada gumu, zile zinazotumiwa na wenye maduka, na mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Kila ukurasa una safu tano zilizopigwa kwa rula na biki nyekundu: jina la mtoto, jina la mzazi, kazi ya mzazi, deni, na safu ya mwisho yenye kichwa "imelipwa kwa". Mwandiko ni ule wa ubaoni, herufi za mviringo zilizosimama wima, kana kwamba hata madeni aliyaandikia watoto wa darasa la kwanza.

Safu ya mwisho ndiyo inayosomeka kama historia ya kartie. "Benchi mbili, misumari yake." "Suruali tatu za bluu, kitambaa cha shule." "Makala gunia moja", yaani makaa. "Maji, mwezi wa tatu wote": huyo ni baba wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, aliyekuwa akipandisha mabidoni ya maji kutoka ziwani. "Sambaza." "Sambaza." "Sambaza." Kuna mama mmoja ambaye deni la watoto wake wanne lilikwisha kwa samaki wadogo peke yake.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mzazi akishindwa primu, Madamu alimwita kabla direkta hajasoma majina. Hakumuuliza ana pesa ngapi, alimuuliza anajua kazi gani. Kazi inayofaa shule, kama benchi, dirisha au bati lililotoboka, aliipeleka kwa direkta ihesabiwe kama malipo. Direkta alikubali, kwa kuwa hata yeye angelazimika kumlipa fundi. Kazi isiyofaa shule aliichukua mwenyewe nyumbani, na kiasi hicho kikakatwa kwenye fungu lake la primu. Kwa maneno mengine, samaki na makala vilikuwa mshahara wake. Mtoto alibaki darasani, direkta hakupoteza kitu, mzazi hakuomba. Aliyebeba pengo la pesa taslimu alikuwa Madamu na nyumba yake.

Walikuwapo pia wazazi wasio na kazi ya mikono yoyote, hasa wajane na waliokuja wakikimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Hao deni lao lililipwa na mtoto mwenyewe, baadaye. Mtoto akishajua kusoma vizuri, labda akiwa darasa la nne, alikuja Jumamosi mchana kumsaidia Madamu kufundisha watu wazima. Ndipo darasa la Jumamosi lilipotokea. Wengi wanadhani lilianzishwa na shirika fulani, kwa sababu siku hizi kila kitu Goma kina bendera ya shirika. Lilianzishwa na madeni.

Waliokuja walikuwa zaidi akina mama wa soko, na hawakuja kutafuta elimu kwa jumla. Walikuja kwa ajili ya noti. Mwaka 1993 Serikali ilitoa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka, moja kwa laki moja za zaire mpya. Mama anayeuza nyanya bila kujua kusoma alikuwa anatambua noti kwa rangi na picha, kisha ghafla rangi zinabadilika na sifuri zinahama. Aliibiwa mchana kweupe, na mara nyingi na mtoto. Madamu alikusanya noti zilizokufa, zile zenye sifuri nyingi ambazo hakuna aliyezitaka, akazifanya vitabu vya hesabu. Ukijua kusoma noti ya milioni tano, franka mia mbili hazikutishi. Mama mmoja aliyejifunza kwa noti zile ndiye leo anashika daftari la likelemba, mchango wa zamu, la safu yake sokoni, na ukimletea pesa pungufu atakuonyesha tarehe.

Volkano ilikula rejista

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Lava ilishuka ikakata uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu walivuka Gisenyi kwa maelfu, na wengi walirudi baada ya siku mbili tatu, mawe yangali yanatoa moshi, kwa kuogopa nyumba zilizobaki kuporwa. Shule ya Madamu ilikuwa njiani. Madarasa, ofisi ya direkta, rejista, buletini (ripoti za wanafunzi) za miaka yote, vyote viko mpaka leo chini ya jiwe jeusi ambalo watu wameshajenga juu yake.

Masomo yalipoanza tena, chini ya mahema, tatizo la kwanza halikuwa benchi wala chaki. Lilikuwa majina. Nani alikuwa darasa gani? Nani anastahili kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi? Kila mzazi alikuja na hadithi yake, na wapo waliotaka kumrukisha mtoto darasa mbili kwa baraka za volkano.

Orodha pekee iliyopona ilikuwa kaye ya Madamu, kwa kuwa alivuka nayo mpaka Gisenyi ndani ya mfuko wa plastiki. Lakini kaye ile ilikuwa na majina ya wenye deni tu. Watoto ambao wazazi wao walilipa kwa wakati, watoto wa wafanyabiashara na wa maofisa, hawakuwemo. Kwa wiki kadhaa pale Goma ilikuwa hivi: mtoto wa mbeba maji ana uthibitisho kwamba alisoma, mtoto wa mwenye duka hana. Wazee wa kartie wanaisimulia mpaka leo wakicheka, hasa habari ya baba mmoja mwenye gari aliyekuja kumsihi Madamu amwandike kuwa alikuwa anadaiwa.

Hakumwandika. Alichofanya ni kumwita kila mtoto aliyekuwemo kwenye kaye na kumuuliza alikuwa anakaa benchi moja na nani, na nyuma yake nani, na nani alikuwa na tabia ya kumkopa biki. Mtoto wa miaka minane husahau tarehe, lakini hasahau aliyekuwa akimsukuma ukingoni mwa benchi. Kwa njia hiyo darasa likarudi, benchi kwa benchi, na madarasa mengine yakaiga. Muhula ule watoto walihesabu kwa vikokoto vya lava, wakikaa juu ya jiwe ambalo chini yake kulikuwa bado na joto, na mwalimu aliandika kwa makala juu ya mbao za sanduku.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa sababu naona ndipo jina lake lilipokua. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu mwenye huruma, na Goma haijawahi kukosa watu wenye huruma. Baada ya hapo alikuwa mtu ambaye neno lake lilitosha kama karatasi. Watu wakaanza kumpelekea ugomvi wa mipaka ya viwanja, kwa kuwa lava ilifuta alama zote, na mikopo midogo ambayo hakuna aliyetaka kuiandikia kwa mwanasheria. Mwaka 2021, mlima ulipotema moto tena tarehe 22 Mei na siku tano baadaye amri ikatoka ya kuhama sehemu za mji, kuna familia zilizompitishia hati zao azibebe yeye, kwa hesabu kwamba Madamu hajawahi kupoteza kitu.

Bure, na ukurasa wenye kistari

Septemba 2019 Serikali ilitangaza elimu ya msingi bure katika shule za umma, jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imeliahidi katika kifungu cha 43. Wazazi walisherehekea, na kwa haki. Watoto waliokuwa nyumbani walifurika, darasa la Madamu likapita watoto mia moja. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapita umri wa kustaafu. Lakini mwalimu wa Kongo hastaafu kirahisi, kwa kuwa malipo ya kustaafu hayana tarehe, na ukitoka darasani umetoka na kwenye mshahara. Akabaki. Akaletewa msaidizi, mwalimu kijana, mwenye diploma safi na asiye na namba ya matrikuli, maana yake Serikali haimjui na haimlipi. Walimu wa namna hiyo wamejaa nchi nzima. Wakati wa primu walikuwa wanakula kidogo. Primu ilipopigwa marufuku, wakawa hawali kabisa.

Kaye ikafuata mabadiliko hayo kwa namna ambayo hakuna aliyeijua mpaka Madamu alipokufa. Baada ya Septemba 2019 hakuna tena jina la mtoto. Ukurasa unaofuata, kwenye safu ya mtoto, kuna jina la yule mwalimu kijana, mwezi baada ya mwezi. Kwenye safu ya mzazi ameandika "Serikali". Kwenye safu ya kazi ya mzazi amepiga kistari. Safu ya mwisho iko tupu mpaka mwisho wa kaye.

Nimesikia watu wakisema huo ulikuwa utani wa mtu mzima. Mimi nadhani alikuwa anaendelea na hesabu ileile.

Kikao cha pili

Sasa turudi kwenye ugomvi. Sanamu ilikuwa na nguvu kwa sababu wanaoitaka ndio waliotuma pesa nyingi. Mmoja wao, yuko Kanada, aliongea kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza. Alisema kama chukudu imepewa sanamu ya dhahabu pale kwenye mzunguko, Madamu amekosa nini? Watu walicheka na wengi wakapiga makofi. Nakiri hoja ina utamu wake. Chukudu ni ya mbao na inasifiwa kwa kubeba mizigo ya wengine.

Binti yake mkubwa hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango na mfuko mapajani. Akasimama, akawasalimu wazee kwa heshima zote, akasema angependa kusoma kitu kabla hatujaamua. Akatoa kaye. Wengi wetu hatukujua kwamba bado iko.

Alisoma mistari ambayo safu yake ya mwisho ilikuwa tupu. Hakusoma yote, kama kumi hivi, na hakupaza sauti. Wa nne alikuwa baba wa yule ndugu wa Kanada: mwaka mzima wa 1997, watoto wawili. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika kama yalivyo: "Wazee wangu, sisi nyumbani tulikula madeni yenu. Mwezi wa sambaza tulikula sambaza. Mama alipougua, hakuna duka la dawa linalopokea sambaza."

Na akaeleza, bila kulia, kwamba Madamu amekufa akidaiwa na duka la dawa, na kwamba mdogo wake aliacha sekondari mwaka ambao watoto wa watu waliendelea.

Hapo kikao kiliharibika. Mjomba mmoja alimkaripia kwamba anamdhalilisha marehemu. Mama wa soko akamkaripia mjomba. Ndugu wa Kanada, na hili namheshimia, hakukata simu. Aliuliza deni la baba yake ni kiasi gani kwa leo, alipe sasa hivi. Ikabidi tupige hesabu: deni limeandikwa kwa zaire mpya, gawa kwa laki moja upate franka. Haikununua hata kiberiti. Kila mtu aliona upuuzi wa jibu lile, na hakuna aliyeweza kusema jibu sahihi ni lipi, kwa dola, kwa riba, kwa bei ya mchele wa mwaka ule?

Aliyetutoa pale ni fundi mbao, mwanafunzi wake wa zamani, mtu asiyependa maneno. Alisema baba yake alilipa kwa benchi na benchi ni benchi, haijabadilishwa na Serikali yoyote. Aliyebaki na deni alipe kwa anachojua kufanya, kama Madamu mwenyewe alivyotaka.

Ninavyoliona

Pendekezo la fundi lilikubaliwa haraka, na haraka ile ilinipa wasiwasi. Lilikuwa na ladha ya zamani. Tungerudi nyumbani tukijisikia vizuri, kila mtu na benchi yake, kartie ikijilipia shule yake tena, kimyakimya, kama ilivyofanya tangu Mobutu. Madamu alifanya hivyo kwa sababu mtoto aliyesimama mbele yake asubuhi ile asingengoja Kinshasa. Lakini tukiichukua njia yake na kuiita utakatifu, tunamwambia kila mwalimu anayekuja kwamba mwalimu mzuri ni yule anayekula madeni. Na mwenye deni la kwanza, yule wa safu yenye kistari, hata jina lake halisomwi kwenye kikao.

Sikusema hayo, nilikuwa karani. Aliyesema ni yule mwalimu kijana, alipoombwa na wazee akubali kurithi darasa la Jumamosi "kwa moyo wa Madamu". Alisimama, mikono nyuma kama mwanafunzi, akasema anampenda Madamu kuliko wengi waliomo humu, kwa kuwa amegawana naye chakula cha mchana kwa miaka. Kisha: "Lakini mimi sitaki kuwa Madamu. Nataka matrikuli." Baadhi ya wazee walichukia. Walitegemea machozi.

Kuanzia hapo mazungumzo yaligeuka, na ninaamini yaligeuka vizuri. Tuligawa hoja. Duka la dawa lililipwa siku ileile, kutoka mfuko wa kilio, na risiti akapewa binti. Kaburi likawa la saruji, dogo, bila vigae. Sanamu iliwekwa kando, na ndugu wa Kanada, baada ya kununa wiki nzima, alipiga simu kusema fungu lake liende kwa mwalimu kijana kama mshahara wa muhula mmoja. Tulishikilia neno mshahara kwenye karatasi, na anasaini kila mwezi, ili pasiwe na mtu wa kumwambia kesho kwamba alisaidiwa. Wenye madeni ya kazi wanalipa kwa kazi: bati mbili zimeshabadilishwa, na mshonaji mmoja ameleta nguo za shule za watoto waliokimbia vita ambao hawana hata daftari.

Faili la matrikuli ni habari nyingine. Madamu alikuwa ameshampeleka huyu kijana mara nyingi kwenye ofisi zinazohusika, na nakala zote zipo, zimepangwa kwa tarehe. Lakini malipo ya walimu yanaamuliwa Kinshasa, na tangu Januari 2025 hata mishahara ya walio na matrikuli, inayopitia benki, imekuwa ya kuhangaikia. Tumeamua faili lisilale: kila mwezi barua moja, nakala moja ibaki kwetu. Wengine wanaona ni kupoteza karatasi. Mimi naona ndiyo sehemu ya kaye ambayo hatujawahi kuilipa: Madamu aliandika jina la mdaiwa mkubwa kila mwezi kwa miaka karibu sita bila kutegemea jibu, na kwa kazi hiyo hakuwa na msaidizi.

Kuhusu kaye yenyewe, walio ng'ambo walitaka ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa isambazwe. Binti amekataa. Ndani yake mna umaskini wa watu walio hai, wengine leo ni wakubwa, na Madamu hakuwahi kumsomea mtu mstari wa mwenzake. (Yeye mwenyewe alisoma kumi, najua, ameshaomba radhi kwa familia zile, nyumba kwa nyumba, isipokuwa ile ya Kanada, ambayo ilimwomba radhi yeye.) Anayetaka kuona mstari wake anakwenda kwake, anaonyeshwa wake tu, huku mingine imefunikwa kwa rula. Wanakwenda zaidi ya nilivyotarajia.

Jambo moja limebaki, na hapo mimi na binti hatukubaliani. Mshahara wa muhula unaisha mwezi ujao. Yeye anataka tusitishe palepale, mwalimu kijana akae nyumbani, watoto zaidi ya mia wabaki bila mwalimu, na kamati ya wazazi ilazimike kwenda ofisini kwa miguu yake badala ya barua zangu. Anasema mama yake aliwazuia wazazi wasione pengo kwa miaka thelathini. Mimi nasema watakaolipa ni watoto wa darasa la kwanza, ambao mwaka mmoja wa kutojua kusoma haurudi. Kura inapigwa kikao kijacho. Nimehesabu vichwa, na nadhani atanishinda.